Moto wa Damas

Moshi wa bani la Damas ulikuwa umekonda. Spesioza aliuona akichambua kisamvu uani kwake, akageuza kigoda, akaupa mgongo. Bani la kukaushia tumbaku ni la mwenyewe, na moto wake ni wa mwenyewe. Tena ni yeye Spesioza, kwa kinywa chake, aliyesimama mkutanoni akataka Damas atengwe: asisalimiwe, asiazimwe jembe, asipewe hata kaa la moto, na mkono wa mtu usiguse kazi yake.

Na alikuwa na haki ya kusema. Msimu uliopita wakulima wote wa kijiji hicho cha Ulyankulu waliapa kwamba robota hata moja la tumbaku haliendi kituo cha kununulia mpaka mteuzi, mpanga madaraja wa wanunuzi, aache kuita jani zuri takataka. Wanunuzi walishaanza kulegea. Damas akapakia yake alfajiri, akapeleka. Kufika adhuhuri wengine nao wanagombea foleni kama kuku waliomwagiwa mtama, na mteuzi anacheka mpaka anakohoa. Wakubwa wana mizani, wana magari, wana muda wa kusubiri. Mnyonge ana nini zaidi ya mwenzake? Hilo Spesioza halibadilishi mpaka leo.

Lakini moshi ulizidi kukonda.

Asubuhi pikipiki ilikuwa imewabeba Damas na mkewe kwenda hospitali. Uchungu ulikuwa umemshika mama wa watu kabla ya wakati. Ndani ya bani majani yalishageuka njano, ikabaki kukausha mshipa wa katikati ya jani. Kila mkulima anajua kwamba moto ukifa hapo, maji ya mshipa hurudi kwenye jani, na jani likiwa jeusi halina mnunuzi. Jasho la mwaka mzima linakuwa mboji.

"Ajifunze," Spesioza alijiambia.

Ajifunze nini? Kwamba mke asiugue? Spesioza hakukaa shule; alisomeshwa na redio, na magazeti ya kufungia maandazi, na mama yake, aliyevuka mpaka akikimbia mauaji mwaka sabini na mbili, akiwa na yeye mgongoni. Mama hakupenda kusimulia bunduki. Alisimulia majirani. Walianza kwa kutowasalimia, wakaja kutowauzia chumvi, mwisho nyumba ikaungua mchana kweupe na watu wanaendelea kupepeta maharage yao. "Kila hatua ilikuwa ndogo," mama alikuwa akisema. "Hakuna aliyejiona mbaya."

Spesioza akakitazama kisamvu mapajani. Akainuka.

Angeweza kuzunguka nyuma, migombani, asionwe na mtu. Aliifikiria njia hiyo, akaitema. Anayetunga sheria hadharani na kuivunja kichochoroni ana tofauti gani na mteuzi? Akapita barabarani, kuni begani.

Lugembe, mwenyekiti wa wakulima, alikuwa kwa fundi baiskeli. "Mama Spesioza! Umepotea? Huko ni kwa msaliti!"

"Naijua njia."

"Si sheria yako mwenyewe? Au imeisha kama bando?"

Watu wakacheka.

"Ni yangu, naivunja, na nyote mmeniona. Kikao kikikaa, niiteni."

Alikaa mdomoni mwa tanuri akilisha moto kidogo kidogo, maana ukizidi nao huteketeza bani lote. Jua likielekea kuzama Damas akatokea mbio, akidhani moshi ule ni bani linaungua. Akamkuta mwanamke aliyemtoa katika watu, uso masizi matupu.

"Shikamoo, mama."

Hakuitika.

"Mama, sijui nikushukuru vipi..."

"Usinishukuru. Sijakusamehe. Ulituuza, na nitalisema tena mbele ya uso wako. Mkeo?"

"Wazima wote. Wa kike."

"Haya. Huyo hajamsaliti mtu. Ongeza kuni, mshipa haujakauka."

Jumapili, baada ya misa, kikao kikakaa. Spesioza hakungoja kuitwa.

"Kumtenga Damas hatukukosea," alisema. "Tulikosea kutoweka mpaka. Adhabu isiyo na mpaka haijui isimame wapi. Sisi tuliokimbia tukiwa migongoni tunajua inapofika. Mnyimeni salamu mpaka soko la tumbaku lifungwe. Lakini maji, moto na mgonjwa, hivyo adhabu isiviguse."

"Na wewe uliyevunja?" Lugembe akauliza. Sasa hakuwa akicheka.

"Nilivunja kabla hamjabadilisha. Nami nitengwe."

Walibishana mpaka sauti zikakauka. Pendekezo la kuweka mpaka likapita. Kisha ikapigwa kura ya kumtenga Spesioza hadi soko lifungwe, na wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa yeye mwenyewe.

Kesho yake kisimani alimkuta Josepha, shoga yake tangu usichana. Midomo ya Josepha ilifunguka, ikafumbwa. Ndoo ya Spesioza ilipojaa, Josepha aliishika upande wa pili, akamtwisha vizuri, akaituliza kwa kiganja mpaka maji yakaacha kuyumba. Halafu akageukia ndoo yake, bila neno, kama kikao kilivyokubaliana.