Ua wa Minyaa

Mwaka tuliposombwa kwa malori kuletwa kijiji kipya karibu na Nyangoto, gunia la mbegu za shamba la kijiji liliibwa. Wazee wakatuapisha wote, wanaume kwa wanawake: aliyeiba, ngozi yake ibambuke.

Wiki haikuisha, ikatoka amri kila nyumba ipande ua wa minyaa. Tulikata matawi kutwa, utomvu mweupe ukitutiririka mpaka kwenye viwiko. Wengine tulinawa, yakaisha. Wegesa, mke wa jirani yangu Mseti, aliamka mikono imevimba, malengelenge toka vidoleni hadi shingoni. Akijikuna, ngozi inabaki kwenye kucha.

"Ni mnyaa, mama," alimwambia mama mkwe wake, Nyangi.

"Mnyaa! Tumekata wote, mbona umekuchagua wewe? Sema, mbegu ulizipika au uliziuza?"

Watu walijaa uani. Mseti alisimama nyuma yao, anatazama makatambuga yake. Mzee Werema, aliyetuapisha, akamwambia Wegesa aondoke kabla kiapo hakijahamia kwa mtoto. Hapo ndipo aliposhtuka. Gati, bintiye, alikuwa bado ananyonya, na ng'ombe wa mahari walishatolewa. Mtoto ni wa kwao Mseti.

"Subirini!" Akavunja tawi la mnyaa. "Mama, lete mkono nikupake. Kesho mtaona wenyewe."

"Paka mpaka kwapani," Nyangi akacheka.

Sijawahi kumwombea mtu ugonjwa, ila siku ile niliomba yule mama avimbe.

Asubuhi Nyangi alitoka mkono juu, akautembeza nyumba hadi nyumba. Laini, bila hata kipele.

Wegesa aliutazama ule mkono, kisha akatazama yake. Nilipomsogelea kumpa pole alisema polepole, "Shemeji, labda niliiba nikiwa usingizini. Inawezekana?"



Akaomba amnyonyeshe Gati mara ya mwisho.

"Usimguse!" Nyangi alifoka, na mtoto yuko mgongoni mwake, analia.

Basi akaondoka na njia ya kwao, maziwa yanalowesha gauni, mikono ameinyoosha mbele ili isigusane na nguo.

Ua alikuwa hajaumaliza. Palibaki pengo upande wa barabara. Jioni Mseti alikata matawi, akaliziba. Akanawa mikono, akaingia ndani kula.