Miguu Iliyokuwa Ikienda Kwetu

Mume wangu Wambura alihama chumbani miezi mitano baada ya harusi yetu, theluji ikiwa bado imelala dirishani. Alichukua mto na blanketi la kijivu, akaenda kutandika jikoni, kati ya meza na friji. Nami nina mdomo, mtu yeyote wa Tensta, mtaa wetu huku Ulaya, atakuambia, lakini siku ile nilimshikia mlango tu.

Kosa lilikuwa la miguu yangu. Mchana, salama salimini. Nikijilaza tu, ndani ya mifupa kunaanza kutembea kitu. Si maumivu, si ganzi, ni kama sisimizi waliopotea njia, na usipoisogeza miguu utalia. Basi naikunja, naitupa, na kila nikiitupa inamkuta Wambura mbavuni.

"Paskalia," aliniambia siku moja, akitazama ukuta, "kama hukutaka kuja huku, ungeandika tu."

Tulichumbiana kwa barua. Yeye alikuja kusoma, akapata kazi kiwandani Sundbyberg. Mimi nilishuka kwenye ndege na sanduku moja. Tulikuwa bado wageni wawili tunaogawana sabuni. Niliogopa sana kwamba mwaka hautaisha kabla hajanirudisha kwetu.

Jambo moja sikumwambia. Kila usiku, katikati ya kulala na kutolala, nilikuwa naenda nyumbani. Nashuka ngazi, navuka uwanja wa magari, na theluji inageuka vumbi jekundu taratibu, bila hata kunishtua. Napita kwa fundi baiskeli, napita kisimani, hewa inanukia moshi wa kuni. Namwona mama uani amepiga magoti, anakanda udongo. Naharakisha. Miguu inaruka, naamka Tensta.

Udongo wenyewe ni ule wa kula. Pale kwetu Sumbawanga mama ndiye anayeutengeneza: anauchimba, anauchekecha, anaukausha juu ya moshi, na wajawazito wote wanakuja kwake. Mimi sikuwa na mimba, nilikuwa mlafi tu. Alinitumia kwa posta, kila kidonge kina alama ya vidole vyake. Nilivificha kabatini, nikawa natafuna vitano kwa siku.

Nilikwenda kwa daktari, mama mmoja mpole wa kliniki. Akanitoa damu, akasema imepungukiwa na madini ya chuma, na kwamba hilo huisumbua miguu namna hiyo. Akanipa vidonge vya madini hayo, akauliza nakula nini. Nikamtajia viazi, mkate, samaki, chai. Udongo sikuutaja. Nani anamwambia daktari wa Kizungu kwamba anakula udongo? Akanishauri nile kile chakula chao cheusi cha damu ya nguruwe, wanachokikaanga na kukila na jamu. Nilikinunua, na Wambura, mtu wa Tarime ambako damu huliwa, alimaliza sahani mbili akauliza kama kuna nyingine. Kwetu sisi damu hatuli. Nilitoka jikoni nikiwa nimeziba pua.

Miezi miwili ya vidonge, na miguu ni ileile. Ndipo Jumamosi moja jirani yangu Mueni, nesi kutoka Machakos, akaingia bila kubisha, akanikuta shavu limevimba kwa udongo.

"Ati unakula mchanga?"

"Si mchanga. Ni udongo."

"Na dawa unameza na nini?"

"Na chai. Ya rangi."

Alicheka mpaka akashika meza, kisha akaacha kucheka. "Dada, udongo unashika chuma tumboni unatoka nacho. Na chai ni hivyo hivyo. Wewe unateka maji na chujio."

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaanza upya: ini la ng'ombe, maharage, dengu, vidonge kwa maji ya machungwa. Chai ikahamishwa mbali na chakula. Nyuma ya majengo kulikuwa na majani yanayowasha kama upupu. Mueni alinionyesha jinsi ya kuyachuma kwa glavu, tukayapika kama mchicha. Udongo niliuacha, na usidhani ilikuwa rahisi. Mate yalinijaa mdomoni mvua ikinyesha tu na ardhi ikanukia. Nilimwandikia mama asitume tena, na barua ile niliichana mara nne.

Mwezi wa saba, usiku usiokuwa na giza, kama ilivyo kiangazi cha huku, Wambura alirudi na mto wake. Kujaribu tu, alisema. Nililala. Nilipofumbua macho jua lilikuwa limejaa chumba kizima, naye yuko palepale, hajapigwa hata teke moja. Nikaketi, nikaanza kulia.

"Miguu tena?"

"Miguu mizima."

"Sasa unalia nini?"

"Sikwenda nyumbani."

Nikamweleza yote, theluji inavyogeuka vumbi, na mama pale uani. Nikamwambia sasa nimepona na njia imefungwa, na sijui nitamwona lini. Wambura alikuwa akitazama mikono yake.

"Nilidhani unanikimbia mimi," alisema.

"Nilikuwa namfuata mama."

Wambura akavuta mto, akaegemea ukuta, akaniuliza mtu akishuka kwenye basi Sumbawanga anapita wapi mpaka afike kwetu. Tangu tuoane hakuwahi kuniuliza. Nilifuta pua kwa shuka, nikaanzia kituoni.