Kibao Hakikuja Ijumaa

Ijumaa jioni nilikaa nyuma ya pazia la jikoni nikisubiri kibao, na kibao hakikuja.

Ni kibao kidogo cha mbao chenye kamba, kimechongwa maneno "Zamu Yako". Katika Mtaa wa Watengeneza Ngozi hapa Ellerstetten, mji wetu mdogo wa kale wenye ukuta, kikining'inia kwenye kitasa chako, basi mtaa ni wako wiki nzima: mawe ya njia, ngazi, mfereji, majani, na mavi ya mbwa wa watu wasio na haya. Jumamosi unafagia kuanzia lango la mtaa mpaka mtoni. Ijumaa inayofuata, kabla kengele ya jioni haijalia, unakwenda kukitundika kwa jirani bila kubisha hodi. Burga Zwickel wa mlango wa pili huniletea mimi, mimi humpelekea Mzee Kächele mwokaji mikate, na hivyo hivyo kinazunguka.

Burga hajawahi kuchelewa. Huyu ni mwanamke anayepiga pasi matambara ya kufutia vumbi. Kwa hiyo kibao kilipokosa kuja nilijua maana yake, au nilidhani najua. Wakati wa masika tulianza kumruka Bi Oelschläger. Alikuwa ameanguka kwenye ngazi zake, na sote tukasema kwa huruma, pumzika, mama, sisi tutafagia. Kibao kikaanza kuupita mlango wake. Kabla kiangazi hakijaisha, hakukuwa na mtu anayemwuliza lango tulipake rangi gani, wala nani anaumwa, wala nini kinanuka pale kona. Siku hizi akipita watu wanamsalimia kwa ile sauti ya kumsalimia mtoto mchanga. Na mimi mwezi wa saba nilipasuliwa nyonga nikawekewa ya chuma. Sikulala vizuri.

Jumamosi asubuhi nilifungua mlango. Kitasa kitupu. Mti mkubwa wa langoni ulikuwa umemwaga majani usiku kucha, mtaa mzima wa njano, na fagio langu limesimama pale ukumbini na kizoleo chake. Lakini nifagieje? Kufagia bila kibao ni kumtukana jirani. Ni kumwambia mbele ya watu kwamba yeye ni mchafu na wewe umechoka kungoja. Kuna nyumba mbili za mtaa huu hazijasalimiana tangu enzi za mama yangu kwa kosa hilo hilo. Nikagonga kwa Burga, kimya. Nikagonga tena kwa ngumi, kimya.

Nikarudi ndani, nikavua aproni, nikavaa kofia na kutoka mikono mitupu. Sikumbuki mara ya mwisho kutembea mjini Jumamosi asubuhi bila ndoo wala kikapu. Nilijisikia kama nimesahau kuvaa sketi.

Mzee Kächele alikuwa mlangoni mwa duka lake, unga mpaka kwenye nyusi.

"Bi Traude! Kofia leo? Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Natembea."

"Unatembea." Akaiangalia nyonga yangu. "Kwenda wapi?"

"Natembea tu. Watalii wanatembea kila siku hapa, mbona huwaulizi?"

"Watalii hawana kazi."

"Basi na mimi sina."

Nikapitisha jicho begani kwake kukagua mlango wa nyumba yake. Kitasa kitupu vile vile. Hapo ndipo udadisi ulipoanza kunitekenya, maana kama wameniruka, kibao kingekuwa kwake.

"Kibao kiko wapi, Mzee?"

"Si kiko kwako?"

"Usinichezee. Kama mlikaa kikao mkaniondoa, niambie usoni."

"Bi Traude, mimi saa tisa usiku nakanda unga. Kikao nikae saa ngapi?" Akajifuta mikono, akachungulia majani. "Lakini kweli, mtaa unatia aibu. Muulize Burga. Kapita hapa mapema anaelekea gulioni, polepole kama bibi harusi. Nimemwita, hata kugeuka."

Burga, polepole! Burga hutembea kama anayekimbizwa na nyuki. Nikashika njia ya gulioni. Siku ilikuwa ya jua la baridi, lile linaloonyesha kila ufa. Nyumba za uwanja wa gulio zinaegemeana kama walevi watokao harusini, boriti zao nyeusi zimepinda, na ghorofa za juu zimejitokeza mbele kiasi kwamba jirani kwa jirani wanaweza kuombana chumvi dirishani. Nimezaliwa hapa. Lakini siku ile, kwa kuwa sikuwa na haraka, niliinua macho, nikaona juu ya duka la dawa mlango mdogo wa buluu unaofungukia hewani, bila ngazi wala baraza. Nani alikuwa akitokea pale? Nilisimama nikiwaza mpaka mtu akanigonga na kikapu.

Bi Pfleiderer muuza jibini alikuwa akikata kipande kwa ajili ya mteja.

"Burga?" alisema. "Alikuwa pale kwenye chemchemi. Shoga yako leo ana mambo! Kavua glavu, kaingiza mkono mdomoni mwa samaki."

"Samaki gani?"

"Yule wa jiwe anayetapika maji. Nikamwuliza, dada, umepoteza pete? Akasema hapana, anataka kujua ndani kukoje."

"Akasema kukoje?"

"Hakusema. Alinunua kipande cha keki ya vitunguu akaondoka. Mbona na wewe unaihangaisha nyonga hivyo? Si ungekaa tu nyumbani upumzike, mama?"

Mama! Yeye tumesoma naye darasa moja. Nilimpa mgongo, nikaenda kwenye chemchemi nikijifanya nasoma tangazo. Alipogeuka kupima jibini, nikaingiza mkono mdomoni mwa samaki. Maji ya barafu, na nyuma ya meno ya jiwe ni laini, laini kabisa, kama ndani ya bakuli la zamani. Nimekunywa maji ya samaki yule tangu sijaota meno na sikuwahi kujua hilo. Nilitabasamu peke yangu, halafu nikakumbuka kwamba nina hasira.

Kanisani nilimkuta Gottlob, mtunza kanisa, amejilaza chini ya benchi akibandua ubani wa kutafuna.

"Umemwona Burga?"

"Nimemwona? Nimemtimua!" Akatoka chini, uso mwekundu. "Alikaa kwenye kiti cha mameya. Kile chenye mto! Nikamwambia, Bi Zwickel, pale hakai mtu mpaka awe mzao wa wale mameya waliochongwa ukutani. Akaniambia, Gottlob, wale wa ukutani wameoza, acha nione walichokuwa wanaona."

"Na kuna nini cha kuona?"

"Nitajuaje? Mimi sijawahi kukaa."

Tukatazamana. Kisha Gottlob akaenda kufunga mlango, na mimi nikakaa. Ukikaa pale, na pale tu, unaona chini ya mimbari kichwa kidogo cha jiwe, cha mtu mwenye mashavu manene, kimekutolea ulimi. Fundi aliyekichonga aliwafanyia mameya kusudi, na wao wakakaa na ulimi ule mbele yao kila Jumapili bila kuthubutu kumwambia mtu. Gottlob alikaa baada yangu akacheka mpaka akashika ubavu.

"Kaelekea wapi?" niliuliza.

"Juu ya ukuta wa mji. Kaingia kwa ngazi za lango la kaskazini. Nilimwonya zinateleza."

Ngazi zile nilizipanda kwa mkono mmoja ukutani na mwingine kwenye nyonga, nikimtukana Burga kila hatua, kwa sauti ya chini kwa sababu watalii walikuwa wakishuka. Sikuelewa lolote. Kama wameniruka, mbona kibao hakiko kwa Kächele? Na kama hawakuniruka, kwa nini Burga ananikimbia, na mbona mwanamke mzima anazurura mjini akipapasa mawe? Hamu ya kujua ndiyo iliyonifikisha juu. Nyonga ilikuwa imekwisha kukataa.

Ujia wa juu ya ukuta una paa la vigae na sakafu ya mbao inayolia. Burga alikuwa amekaa kwenye tundu la kurushia mishale, miguu imening'inia ndani, anakula keki ya vitunguu. Kikapu kilikuwa ubavuni mwake.

"Umenifuata," alisema.

"Sikukufuata. Natembea."

"Kwa nyonga hiyo?"

"Ndiyo hiyo hiyo nyonga mnayoisingizia! Niambie kweli, Burga. Mmeniruka?"

"Nani kakuruka?"

Nilikuwa nimekwisha kuiona kamba, inachungulia chini ya kitambaa cha jikoni ndani ya kikapu. Damu ikanichemka.

"Kumbe! Unakitembeza kibao mji mzima kama mbwa, ili mradi kisifike mlangoni kwangu! Si ungenipitia ukasema, Traude, umekuwa kama Bi Oelschläger, kaa kimya usubiri kufa?"

Nilitegemea anirudishie, maana Burga ana mdomo kuliko mimi. Badala yake alikunja karatasi ya keki ikawa ndogo, akaikunja tena.

"Hartmut kapata chumba," alisema.

Hartmut ni mwanawe. Anakaa Bremen, kule kaskazini ambako mvua inanyesha kwa upande.

"Chumba cha nani?"

"Changu. Karibu na kwake. Kina lifti. Gari la mizigo linakuja Alhamisi."

Nikakaa. Sakafu ikalia.

"Na ulikuwa uniambie lini?"

"Jana. Nilitoka na kibao nikafika mpaka mlangoni kwako, kamba mkononi. Nilikuona nyuma ya pazia, maana unadhani huonekani. Nikawaza, nikikitundika hapa kitakwenda kwa Kächele, kitazunguka wee, kikirudi kwangu hakuna mtu. Zamu yangu ndiyo imekwisha. Nikashindwa, Traude. Nikarudi nacho ndani."

Sitasema uongo. Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa nafuu: si mimi. Halafu aibu, na baada ya aibu uchungu. Burga amekuwa mlango wa pili tangu tulipoolewa. Nikipika supu huijua kwa harufu, na akikohoa mimi huamka.

"Bremen nani anafagia?" niliuliza, kwa kuwa ilibidi niulize kitu.

"Kampuni. Wanakuja na mashine."

"Mashine!"

"Hartmut anasema kule hata majirani hawajuani."

Tukakaa tukitazama mapaa. Njiwa, moshi, nguo za mtu zimesahauliwa kambani. Kutoka pale juu mtaa wetu ulionekana wote, wa njano kuanzia langoni mpaka mtoni, na mtu mdogo mweupe kwa unga, bila shaka Kächele, amesimama katikati mikono kiunoni akiyaangalia majani.

"Uliingiza mkono kwa samaki?" Burga aliuliza.

"Niliingiza. Na kiti cha mameya nimekikalia."

"Ule ulimi je?"

"Nimeuona."

Akacheka, kisha akalia kidogo, kisha akapenga kamasi kwa kitambaa cha jikoni. Chini ya kitambaa kibao kilibaki wazi. Akakitoa akaninyooshea.

"Haya, chukua. Mtaa unatia aibu."

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Tangu jana nilikuwa sitaki kingine duniani ila kile kibao, na watu wakione kwenye kitasa changu. Nikaurudisha mkono mapajani.

"Kaa nacho."

"Ijumaa imepita, Traude."

"Zamu haiishi mpaka mtu amalize kazi. Jumamosi iliyopita ulifagia vibaya. Pale kona uliacha majani."

"Mimi? Niliacha majani, mimi?"

"Uliacha. Sikutaka kukuaibisha tu."

Alinitazama sana. Alijua kabisa kwamba hakuacha hata jani moja.

"Watasema," alisema. "Watasema umeshindwa, nikakushikia zamu."

"Waache waseme. Wewe twende, kabla upepo haujayapeleka yote mtaa wa pili kwa watengeneza mapipa, wakatucheka."

Tulishuka ngazi kwa kushikana, kikongwe na kikongwe mwenzake, na ndivyo tulivyoingia mtaani saa ambayo kila mtu yuko dirishani akingoja chakula kiive. Burga alitundika kibao kwenye kitasa chake, akaingia, akatoka na fagio. Akaanzia langoni. Anafagia vizuri yule mwanamke, mistari mirefu iliyonyooka, harudii mahali.

Mimi nilikaa kwenye ngazi yangu, mbele ya kila mtu, mikono mapajani. Huku kwetu hilo halifanyiki. Hata wagonjwa wanashika kitu, wanamenya kiazi, wanafuma soksi. Nilihisi mapazia yakisogea moja baada ya moja, na uso ukaniwaka moto, lakini sikuinuka.

Mzee Kächele alivuka mtaa akaja kusimama mbele yangu. Akamwangalia Burga, akaniangalia mimi, na sauti yake ikashuka, ikawa ya upole kabisa.

"Nyonga inasumbua, mama? Basi tusikuletee tena kibao, upumzike?"

Burga alisimamisha fagio. Akafungua mdomo kusema ukweli, kwamba anayeondoka ni yeye, nami nikamkata jicho.

"Inasumbua sana, Mzee," nikasema. "Leo mwacheni Burga afagie."