Kisima Chini ya Bati

Jumamosi ya tarehe kumi na saba Oktoba, mwaka 1998, saa tatu asubuhi, wanawake arobaini na watatu wa kijiji cha Bulangasi walifika kwenye lango la mgodi wakiwa wamevaa khanga zilizopigwa pasi na kujitwika ndoo vichwani. Walikuwa wamealikwa kuogelea. Barua ya mwaliko, iliyosomwa kanisani na kubandikwa kwenye mlango wa duka la Pranlal, ilieleza kwamba kampuni, kwa kuthamini ujirani mwema, ingewafungulia akina mama wa kijiji na watoto wao wadogo jumba lake la michezo ya maji, kuanzia saa tatu hadi saa tano. Barua haikusema lolote kuhusu ndoo. Kwa kuwa haikusema lolote, kila mmoja alichukua yake, maana Bulangasi mwanamke aendaye majini bila chombo huulizwa amefiwa na nani.

Mlinzi Jilala, aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka kwa Melania, aliusimamisha msafara.

"Shikamooni, mama zangu. Ndoo zinabaki hapa."

"Marahaba. Zinabaki kwa nini?" aliuliza Melania, aliyekuwa mbele, binti yake Kabula wa miaka miwili na nusu akiwa amefungwa mgongoni.

"Hamji kuchota, Mama Kabula. Mnakuja kuoga."

"Jilala, wewe nimekuogesha mimi mwenyewe. Uliwahi kuoga bila ndoo?"

"Huko ndani ndivyo wanavyooga. Wanaingia wote kwenye maji mamoja."

"Pamoja na ng'ombe wao?"

"Hawana ng'ombe, mama."

"Basi ndio maana wanaingia wenyewe," alisema Paskazia, jirani yake Melania, na ndoo zikateremshwa katikati ya vicheko.

Melania hakucheka. Alikuwa amekuja kwa ajili ya orodha. Mwezi huo mthamini mmoja kutoka mjini, jina lake Ngassa, alikuwa akikamilisha orodha ya mali za Bulangasi zilizoharibiwa na mgodi, na asubuhi hiyo, ndani ya jumba hilohilo, angeitia sahihi. Kampuni ilikuwa imeahidi kwa maandishi kurudisha kila kilichomo ndani yake. Ilikuwa orodha ya mtu makini. Ilikuwa na mipapai kumi na tisa, mabanda ya kuku matano, na choo kimoja ambacho hata kabla ya mgodi hakikuwa na paa. Haikuwa na kisima.

Kisima hicho kilichimbwa na bibi yake Melania, ambaye naye aliitwa Kabula, kwa jembe na kwa miezi minne, na hakikuwahi kukauka hata katika mwaka ambao ng'ombe walikufa wamesimama. Februari 1996 buldoza lilikifukia. Baadaye wahandisi waligundua kwamba mahali hapo maji hayakomi, wakaona hapafai kuchimba dhahabu lakini panafaa kwa burudani, na jumba likajengwa juu yake. Tangu hapo wanawake wa Bulangasi walichota kwenye lambo la ng'ombe lililo ng'ambo ya kilima, kilomita saba kwenda na, kama mhasibu wa kampuni alivyobainisha kwa usahihi kwenye ripoti yake, kilomita saba zilezile kurudi. Kama kisima kingeingia kwenye orodha, Bulangasi ingechimbiwa kingine. Kama kisingeingia, basi hakikuwahi kuwapo.

Jumba lilikuwa refu kama ghala la pamba, na lilikuwa na mbingu yake. Chini ya bati walikuwa wamepaka rangi ya samawati na mawingu manane, yote ya aina isiyoleta mvua. Palikuwa na minazi ya plastiki iliyofungwa kwa nati, mitelezo mitatu yenye rangi ya ndizi mbivu, mashine ya kutengeneza mawimbi, na mto uliozunguka jumba zima na kurudi ulikotoka bila kumnywesha mtu wala mmea. Wataalamu wa kigeni walikuwa wamesafiri kutoka nchi zenye maziwa na bahari ili wafanye kazi Usukuma, na ilionekana haki kwamba wasikose maji huku. Jumba lilifunikwa kwa sababu jua na vumbi la nje viliwasumbua watoto wao. Vumbi hilo lilitoka mgodini.

Ukutani palikuwa na ubao wa kanuni kumi na moja. Kanuni ya kwanza ilikataza kunywa maji. Ya nne ilimtaka kila mtu aoge kabla ya kuoga. Ya saba iliwataka watoto wote wa chini ya miaka mitatu wavae nepi maalumu, ambazo afisa uhusiano wa kampuni, Bwana Theonest, alizigawa kwa mkono wake huku akipigwa picha. Kabula alivalishwa nepi yenye picha za samaki. Aliitazama kwa muda, akaivua, akaivaa kichwani. Alivalishwa tena.

Melania alimbeba mtoto, akaenda kwenye meza iliyowekwa chini ya mnazi wa plastiki. Ngassa alikuwa ameketi hapo na orodha yake, na Theonest akasimama pembeni kama mtu anayemkinga mgeni na inzi.

"Kisima cha bibi yetu hakimo," alisema Melania.

"Mama Kabula," alijibu Theonest kwa upole, "hilo tumeshalizungumza. Kile hakikuwa kisima. Lilikuwa shimo lenye maji."

"Na kisima ni nini?"

"Kisima kina hati."

"Hati hainyweki, baba."

"Hainyweki, lakini inaonekana. Mheshimiwa mthamini anaandika kile anachokiona. Wewe unaona kisima hapa?"

Melania alitazama vigae, mitelezo na mashine ya mawimbi, akakiri kwamba haoni. Ngassa, ambaye hakuwa mtu mbaya na alikuwa na njaa, alimwahidi kwamba orodha ingebaki wazi hadi saa tano.

Basi akaenda kumwogesha mtoto, kwa kuwa hilo angalau walikuwa wamealikwa kulifanya. Wanawake wengine walikuwa wameketi kandokando ya bwawa na khanga zao, miguu ndani ya maji, wakitazama watoto watatu wa kigeni wakishuka kwenye mtelezo na kupanda tena, wakishuka na kupanda.

"Wanatafuta nini huko juu?" aliuliza Paskazia.

"Hawajakipata bado," alisema mwingine.

Kabula aliyaogopa mawimbi. Aling'ang'ania shingo ya mama yake, akakunja miguu, akakataa. Melania alichuchumaa penye maji ya kina kifupi, akaushika mkono wa mtoto na kuutumbukiza. Hapo alifanya jambo ambalo hakuwa amelikusudia. Katika ukoo wao mtoto hutambulishwa kwa maji. Akitimiza mwezi mmoja hupelekwa kisimani, mkono wake ukaloweshwa, na mama akayaambia maji jina la mtoto, la nyanya zake, na la aliyechimba. Kabula alizaliwa Aprili 1996, miezi miwili baada ya buldoza, na hakuwahi kutambulishwa. Lakini mkono wa mtoto ukiwa majini, mdomo wa mama hujua la kusema.

"Huyu ni Kabula wa Melania," alisema kwa sauti ya kawaida, "wa Asteria, wa Kabula aliyechimba."

Maji yalitulia. Mashine ya mawimbi iliendelea kunguruma bila kutoa wimbi. Kisha maji yaliyokuwa kwenye mitelezo yakashuka na hayakurudi juu, mto uliokuwa ukizunguka ukaacha kuzunguka na kuja moja kwa moja, na bwawa zima likajikusanya mbele ya mtoto. Mvulana mmoja wa kigeni alikwama katikati ya mtelezo mkavu, akakaa palepale kusubiri mtu wa kulalamikiwa. Vigae vilizama kwa utaratibu, kimoja baada ya kingine, na mahali pake pakabaki kisima cha mviringo chenye mawe saba ukingoni. Jiwe la upande wa mashariki lilikuwa na mfereji uliochimbwa na kamba. La tatu kutoka hapo lilikuwa limelika, kwa kuwa marehemu bibi alikuwa na tabia ya kunolea jembe lake hapo. Harufu ya dawa ya kusafishia maji ilikwisha, ikaja ya udongo na matete. Chura mmoja alipanda juu ya jiwe, akatazama mbingu iliyopakwa rangi, akarudi chini.

"Minzi," alisema Kabula, yaani maji, kwa lugha ya nyumbani. Kisha akaweka kiganja juu ya jiwe na kuongeza, "Yangu."

"Watoto wa umri huo husema hivyo kwa kila kitu," alieleza Theonest.

Wanawake arobaini na wawili walisimama kwa pamoja na kugeuka kutafuta ndoo zao. Ndoo zilikuwa langoni. Paskazia aliteka maji kwa viganja, akanywa, akathibitisha kwamba ndiyo yenyewe.

"Bwana mthamini," aliita Melania. "Sasa njoo uandike."

Ngassa alikuja na futi yake ya utepe. Alipima upana, akafunga jiwe kwenye uzi na kupima kina, akahesabu mawe mara mbili. Alichovya kidole, akaonja, ingawa kanuni ya kwanza ilikataza. Alifanya kazi hiyo kwa dakika ishirini, kwa uaminifu, na alipomaliza alitamka mbele ya wote kwamba kwa maoni yake ya kitaalamu hicho ni kisima, kimejengwa kwa mkono, na kina umri usiopungua miaka hamsini. Wanawake walipiga vigelegele. Melania alimnyanyua mtoto juu.

Alipomnyanyua, maji yalianza kujongea kuelekea kwenye mitelezo. Alipomrudisha chini, yakarejea. Ngassa aliliandika hilo pia, kwenye safu ya maelezo mengineyo.

Kisha alifika kwenye safu ya nne, iliyouliza mahali mali ilipo. Alitafakari. Alitazama kuta, akatazama bati, akaomba ramani, na Theonest akaitoa mfukoni kana kwamba alizaliwa nayo.

"Kisima kiko ndani ya jengo," alisema Ngassa.

"Jengo limekikuta," alisema Melania.

"Inawezekana. Lakini safu inauliza kiko wapi. Haiulizi kilikuwa wapi. Kiko ndani ya jengo la kampuni, katika eneo la kampuni. Tena hakijaharibiwa. Nimekipima mwenyewe, ni kizima kabisa. Mali isiyoharibiwa hairudishwi, Mama Kabula. Itarudishwa kutoka wapi?"

"Kwa hiyo umekiandika?"

"Nimekiandika. Kwenye orodha ya mali za kampuni."

"Na sasa kina hati," alisema Theonest, ambaye hakupenda mtu aondoke bila jawabu.

Saa tano kengele ililia. Kanuni ya kumi na moja iliwataka wageni watoke kwa utulivu, nao walitoka kwa utulivu. Melania alimfunga mtoto mgongoni, maji yakarudi kwenye mitelezo, na mvulana wa kigeni akamalizia safari yake. Langoni Jilala aligawa ndoo kwa majina.

Mambo yalipangwa upya kwa muda mfupi. Kampuni iliweka uzio mdogo wa chuma na kibao kilichoandikwa "Kisima cha Asili, Urithi wa Wenyeji." Wageni kutoka makao makuu walianza kuletwa kukitazama, na kwa kuwa hakikuonekana pasipo mtoto, Bwana Theonest alikwenda Bulangasi akiwa na waraka wa makubaliano. Kabula angeletwa kila Jumamosi, saa tatu hadi saa tano, na kwa huduma hiyo angepewa chupa ya juisi na nepi moja. Maji yasingechotwa, kwa kuwa kutoa mali ya kampuni nje ya lango ni kosa lenye kanuni yake.

Paskazia alimshauri Melania akatae.

"Utamfanya mtoto awe bomba lao?"

"Nikikataa, maji yatabaki kwenye mitelezo," alijibu Melania. "Afadhali yamwone mwenyewe kila wiki, yasije yakamsahau."

Aliandika barua tatu kwenda kwa mthamini. Jibu lilikuja moja, likieleza kwamba suala la kisima lilikwisha kwa mafanikio.

Ikawa hivyo. Kampuni ilikuwa na sharti moja zaidi, lililoongezwa kwa kalamu chini ya waraka, kwamba mtoto afike akiwa safi, kwa heshima ya wageni. Kwa hiyo kila Jumamosi Melania aliamka alfajiri, akaenda kilomita saba ng'ambo ya kilima, akasubiri ng'ombe wanywe na watoke lamboni, akachota ndoo moja, akarudi kilomita saba. Alichuja maji hayo kwa khanga. Nusu yake ilikuwa ya kupikia na ya kunywa. Nusu nyingine alimwogeshea Kabula, kwa sabuni, hadi nyuma ya masikio, ili awe safi wa kutosha kukaa kando ya kisima cha bibi yake.

Kisha alijitwika ndoo ileile, tupu, na kwenda naye mgodini. Langoni Jilala aliipokea bila kuuliza. Saa tano alimrudishia, baada ya kuigeuza juu chini na kuipiga kofi kitakoni, kama kazi yake ilivyomtaka, kuhakikisha kwamba haikuwa na kitu.