Barua Iliyomshusha Mzee Polepole

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani, na mdomo wake ulikata kuliko mkasi wake. Ni yeye aliyembandika dereva wa basi la shule jina la Mzee Polepole. Na jina, kama ujuavyo, likishamganda mtu halitoki hata kwa sabuni; walimu nao wakawa wanamwita hivyo hivyo.

Kisa? Mzee yule akifika kwa mtu anazima gari, anashuka, anamshika mtoto mkono, na hang'oki mpaka mtu mzima ampokee. Ukimwambia, "Mwache tu, geti atasukuma mwenyewe," anatabasamu, anabaki palepale. Halafu kila akimaliza zamu anapita kiti baada ya kiti, ameinama, anachungulia chini kama aliyeangusha sindano. Matokeo yake, pacha wa fundi wetu, wenye miaka mitano, walikuwa wakifika saa saba na nusu badala ya saa saba, na huku wateja wamejaa dukani. "Huyu mzee ataniharibia kazi!" alikuwa akifoka.

Siku moja akamwandikia barua mwalimu mkuu. Kuchelewa peke yake akaona hakutoshi. Nani atamwondoa dereva kwa nusu saa? Akakumbuka mzee anavyoinama kati ya viti, akaongeza: "Dereva huyu haoni vizuri. Nimemshuhudia akipapasa ndani ya basi." Alijua ni uongo, na aliuandika hivyo hivyo. Wazazi kumi na wawili wakatia sahihi palepale dukani, wengine huku wakipimwa mikono ya magauni. Kusoma hawakusoma. Wiki iliyofuata mzee akanyang'anywa usukani, akapewa ndoo na kitambaa aoshe mabasi.

Dereva mpya hakuwa na mchezo. Honi, mlango, shuka, huyoo! Saa saba kamili pacha wako nyumbani. Mama Pacha akatembea kifua mbele mtaa mzima, utadhani basi ni la kwake.

Mwezi ukapita, ikafika Alhamisi moja. Honi ikalia, basi likasimama, likaondoka. Mama Pacha akatoka na futi ya kupimia nguo shingoni, akamkuta pacha mmoja tu getini, yule aliyetangulia kuzaliwa.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Amelala kiti cha nyuma. Nilimwambia anko, akasema, shuka haraka, wengine wanasubiri."

Wee! Akapiga simu ya dereva, inaita, haipokelewi. Akamsukumia jirani yule mmoja, akarukia pikipiki, futi bado shingoni. Jua lilikuwa la utosi. Njia nzima aliwaza jambo moja tu: basi limefungwa madirisha, limeegeshwa juani, na mwanawe yumo ndani.

Alipofika kwenye uwanja wa mabasi, dereva mpya alikuwa keshakwenda kula. Mzee Polepole alikuwa ameketi kwenye ngazi ya basi, suruali ameikunja mpaka magotini, amempakata mtoto, anampepea kwa mfuniko wa ndoo. Mtoto alikuwa amelowa jasho chapachapa, lakini alikuwa anakunywa maji, na alipomwona mama yake akalia. Mama Pacha akamkumbatia, akalia kumshinda.

"Nimemkuta chini ya kiti cha mwisho," mzee alisema. "Mlango ulikuwa umefungwa. Mimi huwa siwezi kumwaga maji kabla sijachungulia ndani. Mazoea tu, mwanangu. Pole sana."

Pole! Yeye ndiye anampa pole! Mama Pacha alitamani ardhi ipasuke immeze. Na shetani naye hakosi: akamnong'oneza kwamba mzee hajui barua ilitoka kwa nani, ameambiwa tu wazazi wamelalamika. Angemshukuru, angeondoka, na siri ingebaki siri.

"Afadhali nimemwona leo," mzee aliendelea, akikamua kitambaa. "Kesho nakwenda kupimwa macho. Daktari akisema ni mabovu, hata ndoo naiacha. Na mimi nilidhani naona vizuri. Lakini watu kumi na watatu hawawezi kukosea wote, sivyo?"

Mama Pacha akaona uso unamwaka moto.

"Baba, unaona vizuri."

"Umejuaje?"

"Barua niliandika mimi. Wengine walitia sahihi tu. Na nilijua nasema uongo."

Mzee hakupandisha sauti, na heri angeipandisha. Kitambaa kikawa kinadondosha maji kwenye miguu yake.

"Kumbe," alisema mwisho. "Na mimi mwezi huu wote sijambeba mjukuu wangu. Kila akininyooshea mikono namwambia, nenda kwa bibi. Niliogopa nitajikwaa naye."

"Nisamehe, baba."

"Kamwambie mwalimu mkuu kwanza. Mimi nitakusikia baadaye."

Akaenda hivyo hivyo, mtoto begani, machozi hayajakauka. Mwalimu mkuu akainuka kwa bashasha. "Aa, Mama Pacha! Siku hizi watoto wanafika mapema, eh? Karibu kiti."

Hakukaa. Alieleza yote akiwa amesimama: mtoto aliyesahaulika, mzee aliyemtoa, na barua, neno kwa neno. "Wale kumi na wawili niliwaponza mimi," alisema. "Nitawapitia mmoja mmoja niwaambie. Lakini mzee arudishiwe basi lake leo."

Bashasha ikamwisha mwalimu mkuu. Akamtazama mtoto, akamtazama mama.

"Mwenyewe anajua?"

"Nimemwambia."

"Akasemaje?"

"Kwamba mwezi mzima hajambeba mjukuu wake, akiogopa atajikwaa naye," alisema Mama Pacha, akimvuta mwanawe karibu.