Miaka Sita ya Doris

Haya alinisimulia Justina mwenyewe, mwaka 2003, tulipokuwa tunamenya ndizi za harusi ya mdogo wake. Kila alipofika penye aibu alimenya upesi zaidi, kana kwamba ndizi ndizo zilizomkosea.

Mwaka 1997 ilifunguliwa shule ya Kiingereza upande wa Shirimatunda. Justina alikuwa akiishi mjini, mtaa wa Njoro, na binti yake, Doris, ambaye ndiyo kwanza ameshuka kutoka kihamba cha bibi yake kule Uru mlimani, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa. Doris alikuwa na miaka tisa, amemaliza darasa la pili la kijijini. Shule ile ilichukua watoto wa darasa la kwanza tu, wa miaka sita au saba, basi. Lakini Doris alikuwa mdogo wa umbo, na Justina akajiambia, nani atajua?

Kiingereza Doris alifundishwa na jirani yao, Kalisti, mpagazi wa watalii mlimani. Siku ya kwanza Doris alisema, "I have nine years."

"Hapana, mama," Kalisti akasema. "Kwa Kiingereza miaka huwi nayo, miaka ndiyo wewe. Ukisema hivyo Mzungu atauliza umeibeba kwenye kikapu gani, halafu anibebeshe mimi."

"Sema sita," Justina akadakia toka jikoni.

"Lakini nina tisa, mama."

Kalisti akamtazama Justina. Justina akageukia sufuria yake. "Mfundishe sita."

Wiki tatu nzima, kila asubuhi akisukwa nywele, Doris alisema ile sentensi mpaka ikanyooka kama sala.

Siku ya usaili Justina alimvalisha nguo nzuri kuliko zote alizokuwa nazo, gauni jeupe la lesi aliloshonewa na bibi yake wakati wa Pasaka. Mwalimu mkuu alikuwa mama mmoja mpole, Ester. Justina alimpa shikamoo, ingawa huenda walilingana umri.

"How old are you?" mwalimu akamwuliza mtoto.

"I am six years old, teacher."

Mwalimu Ester akacheka kwa furaha. "Huyu amefundishwa. Wenzake tangu asubuhi wananiambia wana miaka kama vile wana mbuzi." Akachukua kalamu, akaanza kuandika jina. Justina akashusha pumzi.

"Na gauni lako zuri," mwalimu akasema huku anaandika. "Nani kakushonea?"

"Bibi. La komunyo."

"Komunyo ya nani?"

"Yangu. Nilipokea Pasaka, mimi na Melkior, jirani wa bibi."

Kalamu ikasimama. Kwa watu wa mlimani jambo hilo halihitaji kuelezwa. Mtoto wa miaka sita hata mafundisho ya komunyo ya kwanza hajaanza kanisani, sembuse kuipokea.

Justina akatazama vidole vyake vya miguu, vyenye vumbi la Njoro. Alitamani mwalimu amgombeze, iishe. Mwalimu hakugomba. Alimwuliza mtoto tena, polepole, swali lile lile.

Doris akamgeukia mama yake. Mama yake hakuinua macho.

"I am nine years old," Doris akasema. Hiyo ya tisa hakuna aliyekuwa amemfundisha.

"Kiingereza chake hakina kosa, mama Doris," mwalimu akasema, akilikata lile jina kwa mstari mmoja. "Lakini nafasi siwezi kumpa. Mpeleke darasa la tatu, ndiko aliko. Mbona unataka kumrudisha nyuma?"

Justina akamshika Doris mkono. Walirudi kwa miguu. Walipokaribia nyumbani Doris akauliza:

"Mama, Jumamosi kwenye kitubio, hili nalisema mimi au unalisema wewe?"

"Mimi."

"Na yale ya kila asubuhi?"

"Hayo pia ni yangu."

Jioni Doris alilikunja gauni mwenyewe, akaliweka sandukuni, akalala kabla ya uji kupoa. Justina akajilaza kando yake. Alijaribu kutafuta namna ya kuanza mbele ya padri. Kila alipoanza, neno la kwanza lilikuwa "mtoto", kana kwamba dhambi ni ya Doris. Akaacha, akaanza tena na "mimi", akakwama hapo hapo, akarudia, hadi usingizi ukampitia.