Ruhusa ya Nyuma ya Boila

"Shika," alisema msimamizi, akimnyooshea sigara iliyokwisha kuwashwa. "Au siku hizi unatuona wachafu?"

Mpiga pasi aliitazama sigara ile kama mtu anavyomtazama shemeji aliyekuja kukopa tena. Kiwanda kizima cha udobi kilimwita Kola, kwa kuwa kola iliyopita mikononi mwake ilisimama yenyewe, hata shingo isipokuwamo. Alikuwa ameacha kuvuta tangu binti yake alipojifungua kabla ya wakati. Hakuacha kwa ushujaa. Binti alitamka waziwazi, mbele ya mama yake, kwamba kifua cha mtoto ni dhaifu na hatabebwa na yeyote anayenuka moshi, awe babu, awe daktari. Tangu hapo mtoto alitoka hospitali, akapewa jina, akapakatwa na nusu ya mtaa. Babu yake alikuwa bado hajamgusa, kwa sababu ya zamu.

Zamu hiyo ndiyo iliyomleta nyuma ya boila. Ofisini, msimamizi alikuwa mtu wa kukataa, na alikataa kwa haki, bila kumpendelea yeyote. Lakini huku uani, kati ya boila na ukuta, akiwa na sigara mdomoni, aligeuka kuwa binadamu. Hapa ndipo zamu zilipobadilishwa na ugomvi uliposuluhishwa. Hapa ndipo ruhusa zilipopatikana, alimradi ziombwe kabla moto haujafika kwenye kichungi. Wafanyakazi walipaita Bungeni. Asiyevuta hakukatazwa kuingia. Alikosa tu kisingizio cha kuiacha meza yake, maana mapumziko ya kutovuta yalikuwa bado hayajabuniwa.

Kola akaipokea.

"Karibu tena nyumbani," alisema mkunja mashuka, ambaye walimwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kumzimia. "Nilijua utarudi. Mapafu yako yalikwisha kuanza matanga, yakidhani umekufa."

"Niache, Redio."

"Nikuache vipi, nawe umeshindwa kumwacha huyo? Umemtelekeza bila talaka, leo tunakukuta umemshika mkono!"

Wakacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha upendo. Hilo ndilo lililomkera. Angeweza kupambana na maadui. Hawa walikuwa rafiki zake, waliomzikia wazazi, na hawakuwa na namna nyingine ya kumwonyesha kuwa bado ni mwenzao.

"Naomba mchana huu, bosi," alisema. "Nikamwone mjukuu."

"Mbona huvuti?"

"Naivuta taratibu."

Msimamizi akapuliza moshi, ukampita Kola sikioni. Jivu la sigara ya Kola lilikuwa limerefuka, limeinama, halijaguswa na pumzi. Akaigeuza ndani ya kiganja ili lisionekane. Joto likamfikia vidoleni, akavumilia.

"Maliza mashuka ya hoteli, kisha uende. Umsalimie huyo mzee mpya."

Aliyamaliza. Akajimwagia maji haraka, akavaa suruali safi, akalitandika shati lake jeupe mezani na kulipiga pasi ya mvuke mara mbili. Mvuke hauna siri: harufu iliyolala ndani ya kitambaa huiamsha na kuitoa nje. Kwa miaka mingi ulikuwa umemweleza mambo ya wateja ambayo wake zao hawakuyajua. Akainama, akanusa mabega, kifua, kwapa. Sabuni tupu. Akaondoka ameridhika, bila kukumbuka kwamba mtoto habebwi kwa shati.

Binti alifungua mlango mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Akaupokea mkono wa baba yake kwa mikono miwili, akainama juu yake, na akabaki ameinama kupita kiasi ambacho heshima inadai.

"Baba."

"Sikuvuta."

"Baba!"

"Niliishika tu."

Aliisikia kauli yake ikitoka, na lau angekuwa hakimu, angejihukumu papo hapo.

"Uliishika tu. Sigara inayowaka. Ya nini?"

"Ili nipewe ruhusa ya kuja hapa."

Binti alimtazama kwa huruma, jambo lililomuumiza kuliko hasira. "Mara ya mwisho, nikiwa mjamzito, ulisema ni moshi wa jirani," alisema. "Uongo ule ulikuwa na nafuu, baba. Ulikuwa umeupanga." Akaurudisha mlango, si wote. "Kanawe kwanza. Tutaona."

Bomba lilikuwa uani. Mkwewe alikuwa amesimama hapo, na alipomwona akaupeleka mkono mmoja nyuma ya mgongo, kwa adabu. Moshi haukuwa na adabu hiyo. Ulipanda taratibu nyuma ya kichwa chake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Toa mkono huo, utaunguza shati."

"Samahani, baba."

"Nawe umefukuzwa?"

"Mimi napewa mtoto asubuhi tu, kabla sijaanza." Kijana akatazama chini, akafikiri, kisha akaiweka pakiti juu ya ukuta mfupi baina yao, kiberiti juu yake, na kugeukia upande wa pili. "Iko hapo, baba. Mimi sijaona kitu."

Mate yalimjaa Kola kinywani. Wote waliomkaribisha siku hiyo walikuja na sigara. Aliyempenda zaidi alimrudishia mlango.

Akafungua bomba. Akasugua kwa kipande cha sabuni ya mche, kati ya vidole, chini ya kucha, mpaka ngozi ikakunjamana na kupauka. Akanusa. Akarudia. Kwenye kamba kulining'inia taulo, lakini hakuligusa. Hakujua nani alilifutia nini. Akahamia pembeni, na upepo ukamletea moshi wa mkwewe; akahamia upande mwingine, ukamfuata.

Ndani, mtoto alilia, kisha akatulizwa. Mlango ulikuwa bado haujafungwa wote.

Kola alisimama karibu na ukuta, mikono yake miwili ameinyoosha mbele, mbali na shati, viganja vimetazama juu, akingoja vikauke.